Tuzo ya Vondel: hupewa nani, kwa kazi gani, na mtu wa Lubumbashi anaingilia wapi

Swali la msomaji:

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Lubumbashi, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja hapa Antwerpen. Kiswahili ni cha nyumbani, Kifaransa cha shule, Kiingereza nilikisomea chuoni, na Kiholanzi nimekizoea hadi naota kwacho. Kazi yangu ni ukalimani, leo hospitalini, kesho mahakamani. Nimesikia kuna tuzo huko London ya kutafsiri vitabu vya Kiholanzi kwa Kiingereza. Inaendeshwaje, na mtu kama mimi anaweza kuiwania? Halafu mama yangu ananicheka. Anauliza, kwa nini mtu apewe zawadi kwa kurudia maneno ya mwenzake? Nimjibu nini?"

Marahaba dada. Tuzo unayoisikia inaitwa Vondel. Huwezi kuiwania kwa kujaza fomu mwenyewe, kwa sababu kinachoingia mashindanoni ni kitabu kilichokwisha kutoka, na anayekipeleka ni mchapishaji. Kwa hiyo kazi yako kubwa si kuitafuta tuzo, ni kupata kitabu chenye jina lako ndani. Nitafika huko, ila naomba nipitie kwa mama kwanza, maana swali lake ni gumu kuliko lako.

Tuimalize tuzo yenyewe upesi. Ilianza 1996. Inasimamiwa na Society of Authors, chama cha waandishi wa Uingereza kilichoundwa 1884, na fedha zake hutoka kwenye mifuko miwili ya umma: Nederlands Letterenfonds ya Uholanzi, na Literatuur Vlaanderen ya huko kwenu Flanders, sehemu ya Ubelgiji inayosema Kiholanzi. Kwa miaka mingi imetolewa mwaka mmoja ikiruka mmoja, kiasi chake yuro 5,000. Zote ni za mfasiri; mwandishi wa kitabu hagusi hata senti. Waamuzi ni watu wanaozisoma lugha zote mbili, yaani hukaa na kitabu cha asili upande huu wa meza na tafsiri upande ule, wakilinganisha. Mshindi hutangazwa London kwenye hafla moja na tuzo ndugu zake: Scott Moncrieff ya Kifaransa, Schlegel-Tieck ya Kijerumani, Saif Ghobash Banipal ya Kiarabu, na nyingine kadhaa. Kiswahili hakimo kwenye hafla hiyo. Nitalirudia hili.

Jina lenyewe lina ukoo na mji unaoishi. Joost van den Vondel ni mshairi ambaye Waholanzi humtaja kama sisi tunavyomtaja Shaaban Robert. Wazazi wake walikuwa watu wa Antwerpen, Wamenoniti waliokimbia mateso ya dini wakahamia Cologne, na huko ndiko alikozaliwa 1587. Baadaye familia ilihamia Amsterdam ikafungua duka la soksi, akalirithi. Kilatini alijifunza ukubwani, akiuza soksi mchana. Alimtafsiri Virgil, mshairi wa Kirumi, mara mbili, kwanza kwa nathari 1646, kisha kwa ushairi 1660. Tamthilia yake Lucifer ya 1654 ilichezwa mara mbili tu, wachungaji wakaipigia kelele mpaka ikapigwa marufuku. Uzeeni madeni ya mwanawe yalimfilisi, akaajiriwa ukarani kwenye benki ya rehani ya mji akiwa na miaka 70. Alikufa 1679 akiwa na miaka 91. Ukienda Amsterdam ukapumzika Vondelpark, ni huyo. Napenda kwamba tuzo ya wafasiri imepewa jina la mtu aliyelazimika kuuza soksi ili aweze kutafsiri; wafasiri wengi ninaowafahamu bado wana duka lao la soksi, wewe lako ni mahakama.

Sasa mama. Usibishane naye kwa nadharia, mpe mfano wa nyumba.

Kitabu cha Anne Frank, ambacho dunia nzima inakijua kama shajara ya msichana aliyejificha, kilipotoka Amsterdam 1947 kiliitwa Het Achterhuis. Achter ni nyuma, huis ni nyumba. Nyumba za zamani za Amsterdam zilizo kando ya mifereji ni nyembamba kwa mbele, na nyuma yake husimama nyumba ya pili iliyounganishwa na ile ya mbele. Mwenyeji hashangai kulisikia neno hilo. Mswahili wa Mombasa au Kariakoo naye hashangai, ana neno lake: uani. "Wamejificha nyumba ya uani." Anaelewa papo hapo: mbele biashara inaendelea, wateja wanaingia na kutoka, nyuma kuna watu wasiotakiwa kukohoa.

Mwingereza hana uani. Na akijaribu kuunganisha maneno yake mwenyewe, nyuma na nyumba, anapata neno ambalo kwa watu wake, hasa Wamarekani, lina maana ya choo cha nje. Mfasiri wa kwanza wa Kiingereza, B. M. Mooyaart-Doubleday, ambaye tafsiri yake ilitoka 1952, alifanya uamuzi: akaandika Secret Annexe. Neno "secret", yaani siri, halimo katika Achterhuis. Amelitia yeye. Susan Massotty alipokitafsiri upya 1995 hakuliondoa, na leo wageni kutoka pembe zote za dunia hufika Amsterdam wakiitafuta nyumba hiyo kwa jina lililotoka kwenye kichwa cha mfasiri. Kilichopotea ni ule ukawaida wake, kwamba hii ni sehemu ya nyumba kama nyumba nyingine yoyote mtaani. Kilichopatikana ni hofu, inayomkamata msomaji kabla hajafungua ukurasa. Mimi ningeulinda ukawaida, lakini mimi nina neno uani mfukoni. Yeye hakuwa nalo. Muulize mama: hapo nani amerudia maneno ya nani?

Mfano wa pili ni wa kwako, maana unausikia kila siku kwenye foleni ya mkate. Mama mtu mzima wa Kiholanzi anamwambia mgeni: Kom maar even zitten, hoor. Kom ni njoo, zitten ni kukaa. Yanabaki matatu: maar, even, hoor. Fungua kamusi, itakuambia maar ni "lakini", na sentensi itaharibika. Vineno hivi vitatu havibebi habari, vinabeba uso wa anayesema. Ukivitupa, Kiingereza kinabaki "njoo ukae" kavu, kama askari anamwamuru mshukiwa. Ukijaza maneno ya adabu badala yake, mama wa watu anageuka mhudumu wa hoteli. Mfasiri mzuri wa Kiingereza hubadilisha mkao wa sentensi nzima, au anaihamishia huruma hiyo kwenye kitendo kinachofuata.

Kwa Kiswahili? "Hebu njoo ukae mara moja, basi." Tatu kwa tatu. Hebu, mara moja, basi. Na hiyo "mara moja" yetu ni pacha kabisa wa even: si "sasa hivi", wala si "mara mbili ukitoa moja", ni kule kumpunguzia mtu uzito wa unachomwomba. Nilikaa Leiden miaka minne nikifundisha Kiswahili kabla sijalitambua hilo, na nililitambua dukani, si darasani.

Halafu kuna kile kiambishi -je. Mholanzi hunywa biertje, hukaa kwenye huisje, hushika kopje. Bia si ndogo, ni ya kawaida tu. Kilichopungua ni makuu. Kiingereza kina neno moja lililochoka, little, la kusema udogo, na likitumika mara tatu kwenye ukurasa linakera. Kiswahili sanifu kina kijumba na kikombe. Nyinyi wa Lubumbashi mmetuzidi, mna kanyumba na tunyumba, na mnaitumia ka- hiyo kwa upendo na kwa dharau kwa pamoja, kama Waholanzi wanavyotumia -je yao. Sijawahi kuona mtu anayeelezwa -je akaipata haraka kama Mkatanga.

Majina ya vitabu nayo ni uwanja wa vita. Riwaya ya Gerbrand Bakker iliitwa Boven is het stil, yaani "juu kimya", kwa sababu mzee amepandishwa ghorofani aishi huko hadi afe. David Colmer alipoitafsiri, Kiingereza kiliipa jina The Twin, pacha, likamtazama mtoto aliyebaki baada ya pacha wake kufa, badala ya ghorofa. Riwaya ya Marieke Lucas Rijneveld ni De avond is ongemak: jioni ni adha. Jina lenyewe ni sentensi kamili. Michele Hutchison aliikunja ikawa The Discomfort of Evening, adha ya jioni. Isikilize tofauti: ya kwanza ni mtoto anatamka hukumu, ya pili ni mtu mzima anataja mada. Ile sentensi ikitiwa katika Kiingereza neno kwa neno ingesikika kama imekosewa, kwa hiyo alichagua. Waamuzi wa Vondel kazi yao ni kupima machaguo ya namna hiyo, elfu kadhaa kwa kitabu kimoja.

Na kama mama bado hajashawishika, mwambie habari ya kitabu kilichotoka kwenu. Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Flanders, aliishi Katanga kati ya Waluba, akaandika kwa Kiholanzi alichokiita falsafa ya Kibantu. Kitabu kilitoka kwanza kwa Kifaransa, tafsiri ya A. Rubbens, mwaka 1945, hapo hapo Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo. Kiholanzi chenyewe kilichapishwa Antwerpen mwaka uliofuata. Tafsiri ya Kiingereza ya 1959 ilifanywa kutoka Kifaransa. Waafrika waliokisifu na waliokiponda kwa miongo mingi, wengi wao hawakuwahi kuona sentensi moja ya Tempels mwenyewe. Waligombana na Rubbens. Mimi nimewahi kuhudhuria kongamano ambapo wasomi wawili walikabana koo siku nzima juu ya neno moja la kitabu kile, mmoja akiwa na nakala ya Kiingereza na mwingine ya Kifaransa, na aliyekuwa na nakala ya Kiholanzi alikuwa mkutubi, hakuna aliyemuuliza.

Basi, nani hushinda? Angalia majina machache utaona sura ya kazi. Mwaka 2012 ilikuwa Paul Vincent, aliyekuwa mwalimu wa Kiholanzi London, kwa kitabu cha Louis Paul Boon, Mbelgiji wa Aalst. Mwaka 2017 David McKay, Mmarekani anayeishi The Hague, kwa War and Turpentine ya Stefan Hertmans. Mwaka 2019 Michele Hutchison, Mwingereza wa Amsterdam aliyewahi kuwa mhariri katika nyumba za uchapishaji, kwa Stage Four ya Sander Kollaard. Sam Garrett, Mmarekani, amewahi kuichukua mara mbili. Huyu ndiye pia aliyekitia katika Kiingereza kile kitabu kinene cha David Van Reybrouck juu ya historia ya Kongo, ambacho najua kwenye rafu yako kipo kwa lugha moja au nyingine.

Hebu nisimame kidogo kwa Hertmans, kwa sababu ushindi ule unafundisha. Kitabu kimejengwa juu ya daftari za babu yake mwandishi, mtu wa Gent, mchoraji aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Jeshi la Ubelgiji la wakati ule amri zilitoka kwa Kifaransa, na askari wengi wa mstari wa mbele walikuwa watu wa Flanders. Wewe uliyekulia Kongo huhitaji kuelezwa maana ya kuamrishwa kwa Kifaransa na Mbelgiji. Lakini msomaji wa Kiingereza hajui. Kwake Kifaransa ni lugha ya mapenzi na mvinyo. Mfasiri afanye nini ili Kifaransa hicho kisikike kama kofi? Akikitafsiri, tofauti inafutika. Akikiacha, msomaji anakitafuna kama pipi. Isitoshe kuna sauti tatu kitabuni: ya mjukuu wa leo, ya babu mwenye Kiflemi (Kiholanzi cha Flanders) cha kizamani, na ya vita katikati. Zote lazima ziwe Kiingereza, na zisifanane. Mtu akikuuliza yuro 5,000 zililipia nini, zililipia hilo.

Nimetaja fedha, niseme ukweli. Vondel si tuzo ya kutajirisha. The Twin ilipopata tuzo ya kimataifa ya Dublin mwaka 2010, dau lilikuwa yuro 100,000, na kwa kuwa kilikuwa kitabu cha tafsiri, 25,000 zilikwenda kwa Colmer. Hiyo ni Vondel tano kwa mkupuo. The Discomfort of Evening ilipochukua International Booker, tuzo ya vitabu vilivyotafsiriwa kwa Kiingereza, mwaka 2020, pauni 50,000 ziligawanywa nusu kwa nusu kati ya Rijneveld na Hutchison. Angalia tarehe zake: Vondel 2019, Booker 2020. Sisemi moja ilizaa nyingine, maana kazi zilikuwa mbili tofauti. Nasema kwamba aliyeshika ile ya pili hakuwa mgeni. Watu wa ndani walishamjua. Hapo ndipo Vondel ina thamani. Ni barua ya utambulisho iliyosainiwa na watu wanaojua kusoma Kiholanzi, wakati wahariri wengi wa London na New York hawakijui. Mhariri asiyejua lugha ya kitabu ananunua kwa imani, na imani inahitaji mdhamini.

Turudi kwako. Nyuma ya tuzo hii kuna mtambo, na mtambo ndio unaopaswa kukutamanisha. Watu wanaozungumza Kiholanzi kama lugha ya kwanza ni kama milioni 24 hivi, Uholanzi, Flanders na Suriname. Sisi wasemaji wa Kiswahili, tukiwahesabu na wale ambao si lugha yao ya kwanza, tunawazidi mbali. Lakini wao waliamua kwamba fasihi yao haitasubiri kugunduliwa. Letterenfonds na wenzao wa Flanders hutoa ruzuku kwa wachapishaji wa nchi nyingine wanaotaka kutafsiri. Husaidia kugharamia sampuli, yaani sura moja mbili zinazotafsiriwa mapema ili mhariri aone ladha kabla ya kununua. Huwa na orodha ya wafasiri waliokwisha kupimwa, na kuingia kwenye orodha hiyo kuna kazi ya majaribio inayosahihishwa na wajuzi. Kuna Vertalershuis, nyumba ya wafasiri Amsterdam, ambako mfasiri anayekitia Kiholanzi katika lugha yake hupewa chumba akae wiki kadhaa akifanya kazi. Kuna kituo cha utaalamu wa tafsiri ya fasihi, ELV, kinachowahusisha vyuo vikuu vya Utrecht na Leuven, chenye kozi na utaratibu wa mfasiri mkongwe kumlea mchanga. Leuven kwako ni safari ya treni ya chini ya saa moja na nusu. Anza na huko.

Kabla hujaenda, jipime kwa maswali mawili.

La kwanza ni la Kiingereza chako. Hao washindi niliowataja wamezaliwa ndani ya Kiingereza, na wengi wao wakaenda kuishi ndani ya Kiholanzi. Wafasiri wa fasihi kwa desturi hutafsiri kuelekea lugha waliyonyonya, si kutoka kwayo. Si sheria, na wapo waliovunja desturi hiyo vizuri, lakini mhariri atakuangalia kwa jicho hilo. Kiingereza cha chuoni hutosha kuandika ripoti. Hakitoshi kumfanya mzee wa Gent wa mwaka 1915 alaani mvua. Kuna njia ya kati: kutafsiri wawili. Revolusi ya Van Reybrouck ilitiwa katika Kiingereza na Colmer na McKay pamoja, na hao ni mabingwa wawili, hakuna aliyekuwa mkongojo wa mwenzake. Mtu mwenye Kiholanzi cha ndani akikaa na mtu mwenye Kiingereza cha ndani, wakisoma kwa sauti, kazi nzuri hutoka.

La pili ni la ukalimani wako. Utakusaidia na utakuharibu. Utakusaidia kwa sababu sikio lako linajua watu wanavyosema kweli, wanavyokatiza, wanavyodanganya. Utakuharibu kwa sababu mkalimani mahakamani hutafuta maana iliyo wazi, haraka, na hakimu akimuuliza "amesema nini" anatoa jibu moja. Katika riwaya mwandishi ameacha ukungu kwa makusudi. Ukiupangusa umeharibu kazi. Nimesahihisha kurasa za wakalimani kadhaa waliotaka kuwa wafasiri, na dosari ilikuwa ile ile: mhusika anayesitasita kwa Kiholanzi, kwa tafsiri yao anatoa ushahidi.

Sasa neno lisiloombwa, ndugu yangu, unisamehe. Kwa nini Kiingereza? Nakuelewa, ndiko tuzo iliko. Lakini umeona mwenyewe mifano: uani, mara moja, kanyumba. Kuna mambo ya Kiholanzi yanayoingia Kiswahili bila kugonga mlango. Vondel haitakupa kitu kwa kutafsiri kwa Kiswahili, masharti yake ni Kiingereza tu. Tuzo ya Safal ya Kiswahili, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hutafuta miswada mipya, si tafsiri. Hata hivyo njia imeanza kufunguka. Nyerere alitutilia Shakespeare katika Kiswahili tangu 1963, na 2022 Ida Hadjivayanis alimrudisha Abdulrazak Gurnah nyumbani, akaitafsiri riwaya yake Paradise kwa jina la Peponi, kitabu kikachapishwa Dar es Salaam. Kwa Kiholanzi uwanja uko wazi kiasi kwamba ukianza wewe, huna wa kulinganishwa naye, jambo ambalo ni faraja na upweke kwa wakati mmoja. Na ile ruzuku ya Letterenfonds haikuwekwa kwa ajili ya wachapishaji wa London peke yao; mchapishaji wa Dar au Nairobi mwenye mkataba na mpango anaweza kugonga mlango ule ule. Tatizo letu huwa ni huo mkataba.

Ukiniuliza ningeanza vipi ningekuwa wewe: ningechagua hadithi fupi, si riwaya. Ya mwandishi aliye hai wa Flanders ambaye naweza kumfikia kwenye usomaji wa hadhara, nikamuuliza neno lililonitatiza. Ningeitafsiri mara mbili, Kiingereza na Kiswahili, kurasa kumi kumi, nizisome zote kwa sauti jikoni, kisha nione ni ipi inayonifanya nisahau jiko. Kiingereza ningempa mzawa aisome bila kumwonyesha Kiholanzi, na kila anaposimama nitie alama hata kama hajui amesimama kwa nini. Ukifika hapo nitumie kurasa, nitazisoma.

Ila haki, dada. Kabla hujavuka hizo kurasa kumi, mwandikie mchapishaji wa asili, idara ya haki za kigeni, uulize kama haki za lugha unayoilenga ziko huru. Barua ni mistari mitano. Mimi sikuiandika. Nilipokuwa kijana niliipenda riwaya moja ya Kiholanzi, nikaitafsiri yote usiku kwa usiku, miezi kumi na minne, ndipo nikauliza. Jibu lilikuja baada ya wiki tisa, la heshima kabisa: haki zote za lugha za Afrika zilikuwa zimefungwa katika mkataba mmoja na kampuni ambayo haikuwa na nia ya kuchapa Kiswahili hata siku moja. Mswada upo kabatini, umefungwa kwa kamba ya katani. Mke wangu huutumia kunyooshea mashuka.